How to Get Away with Murder: nimeimaliza yote, na haya ndo ya moyoni ya mtu anayefundisha sheria

Nimemaliza. Episodi 90, sizoni 6, ile iliyoanza kuruka televisheni ya ABC ya Marekani Septemba 2014 ikafungwa Mei 2020, nimeiangalia yote kwa mara ya pili, mbili mbili kila usiku nikishamaliza kusahihisha. Mara ya kwanza niliiangalia kama mtazamaji tu, nilikuwa nataka kujua nani kamuua nani. Safari hii nimeiangalia kwa jicho la kazi maana mi ni wakili na pia nafundisha sheria, na kila mwaka wanapoingia wanafunzi wapya nikawauliza kilichowaleta ni nini, kuna atakayesema ndugu yake alifungwa bila kosa, kuna atakayesema mzazi ndo kataka, na hakosekani wa kumtaja Annalise Keating, wakili mkuu wa hii sirizi. Kwa hiyo kwangu hii sirizi si ya kupitishia muda tu, inaniletea watu darasani, na inawaletea mawakili wenzangu wateja ambao tayari wana picha kichwani ya wakili anavyotakiwa kuwa.

Nyota naziweka hapa hapa mwanzo. Viola Davis, anayemwigiza Annalise, 5 kati ya 5, hilo halina mjadala. Sirizi kama hadithi 3 na nusu. Jinsi ilivyowachora mawakili na maprofesa, 2. Naeleza kwa nini, na natahadharisha kabisa kwamba nitataja nani kafa na nani kaua, kama hujaiona na unataka kuiona ishia hapa kwanza.

Kwa ambaye haijui: Annalise ni wakili wa utetezi kwenye kesi za jinai alafu ni profesa wa sheria ya jinai chuo kinaitwa Middleton, Philadelphia, chuo chenyewe cha kutunga. Siku ya kwanza anawaambia wanafunzi wa mwaka wa kwanza kwamba somo lina jina lake rasmi ila yeye ana jina lake analopenda kuliita, na hilo ndo jina la sirizi, namna ya kuua mtu usikamatwe. Anachagua watano, Wes, Connor, Michaela, Asher na Laurel, wanakuwa wanafanya kazi nyumbani kwake ambako ndo ofisi pia, pamoja na wasaidizi wake wawili Bonnie na Frank. Mumewe Sam naye ni profesa, wa saikolojia. Kuna mwanafunzi wa kike, Lila, amekutwa amekufa kwenye tanki la maji juu ya paa la nyumba wanayokaa wasichana wa chuo. Na toka episodi ya kwanza tunaonyeshwa usiku mmoja mbele huko, baadhi ya wale wanafunzi wako msituni wanabishana maiti waifanye nini. Basi umeshaingia, hutoki.

Nianze na darasa, maana hapo ndo kuna kitu walikipata vizuri alafu wakakiacha njiani. Ile Annalise anamsimamisha Wes siku ya kwanza, anamtaka aeleze kesi, na Wes hajasoma chochote kwa sababu hakujua kama kuna kazi ya kusoma kabla ya darasa la kwanza, ile ni kweli tupu. Ufundishaji wa namna ile, wa kumsimamisha mtu na kumbana kwa maswali, uliingia kwenye sheria Marekani kupitia Langdell aliyekuwa mkuu wa kitivo cha sheria Harvard kuanzia 1870, na mpaka leo upo. Tumbo kukata, jasho mgongoni, kumwangalia jirani kama atakunong'oneza, nimeyapitia hayo nikiwa mwanafunzi na nayaona kwenye nyuso za wanafunzi wangu. Ila kwenye sirizi swali linaishia pale mwanafunzi anapoaibika. Kamera inamwangalia anavyomeza mate, alafu tunahamia kwingine. Darasani kwenyewe pale ndo kwanza tunaanza. Nani alimshtaki nani, kilitokea nini, mahakama ya chini ilisemaje, swali hasa lililokuwa mbele ya majaji ni lipi, na sababu walizotoa zinabeba kesi ngapi nyingine, na je ukibadilisha jambo moja tu kwenye ule mkasa, tuseme ilikuwa mchana badala ya usiku, jibu linabadilika? Tunaweza kukaa dakika ishirini kwenye ukurasa mmoja. Yule mwanafunzi anayetetemeka mwanzo, kufika dakika ya kumi na tano huwa ameshasahau woga wake, ameinama kwenye kitabu, anatafuta sentensi. Hiyo sura, ya mtu aliyeinama anatafuta sentensi, sijaiona hata mara moja kwenye episodi 90, na ndo sura ya kazi yetu.

Alafu lile kombe. Annalise ana kisanamu cha yule mwanamke wa haki mwenye mizani, anampa mwanafunzi anayefanya vizuri, na aliye nacho anaweza kukitumia kukwepa mtihani mmoja. Wote wanakililia. Na kisanamu hicho hicho ndo Wes anachomuulia Sam. Nakubali kwamba kihadithi ni fundi aliyewaza hilo, sanamu ya haki kuwa silaha ya mauaji, nilipoiona mara ya kwanza nilisimama. Ila tafakari wanachofundishwa wale vijana kabla hata damu haijamwagika: zawadi ya kuwa bora kwenye sheria ni kutofanya mtihani wa sheria. Nilitamani angalau mmoja aone ajabu. Hakuna.

Sasa tuje kwenye kinachoniuma zaidi. Kwenye episodi ya kwanza kabisa Connor anahitaji ushahidi, anamtongoza kijana wa kompyuta anaitwa Oliver, analala naye, anapata anachokitaka, analeta, na anasifiwa. Hao hao wanafunzi wengine wanatamani wangekuwa wao. Na Annalise mwenyewe anampandisha kizimbani mpelelezi Nate Lahey, ambaye ni mpenzi wake wa siri, anamuuliza maswali yatakayombomoa kwenye kazi yake ya polisi. Mimi najua hii ni tamthilia na mtu asiyekosea hana hadithi. Lakini kanuni za maadili za chama cha mawakili wa Marekani, zile za mfano zilizopitishwa 1983 na majimbo mengi yakatengeneza zao kwa kuzifuata, zinasema wazi kwamba wakili anawajibika kwa wanachofanya wasaidizi wake wasio mawakili, kwamba mgongano wa maslahi ukiwa mkubwa unaachia kesi, na kwamba huwezi kupeleka mahakamani kitu unachojua ni cha uongo. Siri ya mteja ipo, tena ni nzito, ila inamlinda mteja kwa yale aliyokwambia, haimpi wakili ruhusa ya kuosha sakafu. Sirizi inaichukulia siri ya mteja kama blanketi la kufunika kila kitu, na nimekutana na watu wazima kabisa wanaoamini wakili wao anaruhusiwa kuwafichia silaha. Hapana jamani. Akiificha, naye anatafuta wakili.

Mahakamani sasa. Kila wiki kesi mpya, na mara nyingi imeisha ndani ya episodi hiyo hiyo, na inaisha kwa Annalise kumgeukia shahidi, sauti inapanda, muziki unapanda, shahidi anavunjika. Mchezo huu wa shahidi kuvunjika kizimbani ni wa zamani sana kwenye televisheni ya Marekani, Perry Mason alikuwa akiufanya toka 1957, na aliyemtunga, Erle Stanley Gardner, alikuwa wakili kweli na alijua mahakama ilivyo. Kwa nini basi mpaka leo wanaufanya? Kwa sababu ukweli hauna sauti. Mahakama ya Juu ya Marekani kwenye uamuzi wake wa Missouri v. Frye wa 2012 ilitaja hesabu yenyewe: asilimia 97 ya waliotiwa hatiani kwenye mahakama za shirikisho, na asilimia 94 kwenye mahakama za majimbo, ni watu waliokiri kosa. Yani hakuna jopo la raia 12, hakuna shahidi wa kulia, hakuna hotuba ya mwisho. Kuna korido, kuna mwendesha mashtaka mwenye mafaili mengi mkononi, kuna wakili anayemwambia mteja wake kwa sauti ya chini, wanakupa miaka miwili ukikiri leo, ukikataa ukashindwa ni kumi, una mpaka saa nane. Huo uamuzi, wa mtu labda hana kosa ila anaogopa ile kumi, ni drama kuliko mayowe yote ya Annalise, na sirizi inaugusa kidogo tu inapita.

Kuna mteja wangu mmoja, naomba nisieleze zaidi ya hapa, kesi yake ilifutwa kwa sababu tarehe kwenye karatasi moja na tarehe kwenye karatasi nyingine zilikuwa hazipatani, na kuziona ilibidi nisome faili zima mara tatu. Mahakamani nilisimama dakika nne hivi. Tulipotoka alinishukuru, alafu akaniuliza kwa upole kabisa, wakili, mbona hukumpigia kelele yule askari? Hakuwa ananilaumu. Alikuwa na hamu ya kitu alichoahidiwa na miaka ya kuangalia televisheni, na kidogo alihisi ushindi wake haujakamilika. Nilimwonyesha zile karatasi mbili, nikaweka kidole kwenye tarehe moja alafu nyingine. Aliziangalia muda mrefu.

Ukifikiria vizuri hata hadithi za zamani zilijua hili. Kwenye ule mchezo wa Shakespeare ambao Nyerere alitutafsiria 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi, Portia anaingia mahakamani amejivika uanaume anajifanya daktari wa sheria, hana ruhusa yoyote, na anayemtetea ni rafiki kipenzi wa mume wake, yani mgongano wa maslahi wa kutosha sizoni nzima. Lakini anashindaje? Sawa, ile hotuba ya huruma ni nzuri na ndo watu wanaikariri, ila haikumtikisa hata kidogo Shylock, yule mkopeshaji anayetaka kukata nyama ya mwili wa mdeni wake kama mkataba unavyosema. Kinachomshinda Shylock ni mkataba kusomwa. Imeandikwa nyama, haikuandikwa damu. Kwa sisi wa kazi hii Portia ni mtu aliyesoma karatasi kwa makini kuliko mtu aliyeiandika, na kama nyie waandishi wa skripti mnasoma hapa, mnaona kabisa kwamba kusoma kunaweza kupandishwa jukwaani na watu wakashika roho.

Na kwa haki, sirizi yenyewe inaamka sizoni ya 4. Hapo Annalise ameanguka, pombe imemwangusha, jina limechafuka, na anaanza kukusanya wafungwa waliofungwa kwa sababu mawakili wa umma waliopewa hawakuwa na muda wala pesa ya kuwatetea. Anafungua kesi ya pamoja dhidi ya jimbo la Pennsylvania, inapanda mpaka Mahakama ya Juu, na wa mbele kwenye kesi ni baba yake Nate, mzee aliyeozea gerezani. Ni episodi ya 13, ile ambayo Olivia Pope wa sirizi nyingine, Scandal, anakuja kumsaidia. Nilikaa wima. Kwa mara ya kwanza sirizi inauliza swali la kweli kuhusu sheria: haki ya kuwa na wakili ni haki ya kuwa na mtu mwenye suti pembeni yako, au ya kuwa na mtu aliyesoma faili lako?

Na chini ya hilo kuna kisa cha kweli kabisa, ambacho hotuba ya Annalise imesimamia juu yake. Clarence Earl Gideon, mtu maskini wa Florida, alishtakiwa 1961 kwamba kavunja ukumbi wa kuchezea puli. Aliomba wakili, jaji akamwambia sheria ya jimbo haimruhusu kumpa kwa kosa kama lile. Akajitetea mwenyewe, akafungwa miaka mitano. Akiwa gerezani aliandika maombi yake kwa penseli kwenye karatasi za gereza akayatuma Mahakama ya Juu, na 1963 majaji wote tisa wakakubaliana kwamba mshtakiwa wa kosa kubwa asiye na uwezo lazima apewe wakili. Kesi ikarudi kusikilizwa upya, safari hii ana wakili, wakili akambana shahidi mkuu kwa maswali ya dodoso aliyoyaandaa baada ya kuchunguza, na jopo likamwachia Gideon baada ya kama saa moja. Mkasa ule ule, ukumbi ule ule. Kilichobadilika ni kwamba kulikuwa na mtu aliyejiandaa. Ningekuwa na uwezo ningewaambia watengenezaji wakatoe mauaji manne tu kati ya yote yaliyomo humo ndani, nafasi hiyo wampe mzee Lahey.

Ila nisionekane simpendi Annalise, nampenda sana. Ile sehemu ya sizoni ya kwanza, episodi ya 4, anapokaa mbele ya kioo usiku anavua wigi, anabandua kope, anafuta rangi usoni polepole, alafu anamgeukia mumewe amuulize ilikuwaje picha yake ya uchi ikawa kwenye simu ya yule msichana aliyekufa. Viola Davis ameshasema kwamba yeye mwenyewe ndo alitaka wigi livuliwe, na 2015 alichukua tuzo ya Emmy ya mwigizaji bora wa kike wa drama, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata hiyo. Anastahili. Kwa sababu hapo ndo wameonyesha kitu ambacho hakuna kitabu cha sheria kinachosema, kwamba mwanamke, tena mweusi, akiingia mahakamani anakuwa ameshavaa kesi moja kabla ya kushika ile ya mteja. Nina wenzangu wa kike walioniambia waliposhuhudia ile sehemu walizima taa wakakaa gizani. Mimi ni mwanaume, sitajifanya najua ilivyo, nasema tu niliyoyasikia kwao.

Uprofesa wake sasa, hapo wameharibu. Annalise hajawahi kuandika makala. Hasahihishi. Hana kikao cha idara, hana ratiba iliyogongana na kesi, hana mwanafunzi aliyekuja kulia kwamba ada imeisha. Darasa limekuwa ukumbi wa kuchagulia wafanyakazi wa bure. Na mumewe Sam ndo ile sanamu nyingine tuliyoizoea, profesa anayetembea na mwanafunzi wake. Kwenye hadithi maprofesa ni wa aina tatu hivi, mzee aliyesahau miwani kichwani, kichaa mwenye akili nyingi, na huyu mwindaji. Sisemi wawindaji hawapo, wapo, na wameharibu maisha ya mabinti za watu, ndo maana mlango wa ofisi yangu huwa wazi mwanafunzi akiingia, na nimewaomba wenzangu wafanye hivyo hivyo. Kinachoniudhi ni jinsi sirizi ilivyomtumia Lila. Ana mimba ya Sam, Frank anamuua kwa kuombwa na Sam, anatupwa kwenye tanki, na baada ya hapo Lila ni swali la nani kafanya. Alisoma nini, alitaka kuwa nani, alimwambia nani kwanza, aliogopa nini alipogundua mtu anayemsahihishia ndo huyo huyo anayemwita nyumbani? Hakuna. Profesa mwindaji amepewa sura, sauti, ndoa, machozi. Mwanafunzi amepewa tanki. Kama ni kuonyesha uchafu wa vyuo, basi muonyesheni aliyechafuliwa.

Ukitaka kuona maprofesa wenyewe wanavyoishi nakutuma kwenye The Chair, ya Netflix, 2021, episodi 6 fupi tu, unamaliza jioni moja. Sandra Oh ni Ji-Yoon Kim, mkuu mpya wa idara ya Kiingereza, anakalia kiti cha ukuu wa idara siku ya kwanza na kiti kinavunjika. Kule kuna mama mmoja mzee wa fasihi, Joan, ofisi yake imehamishiwa chini kwenye jengo la mazoezi, na hakuna aliyemuuliza. Kuna Yaz, kijana, mweusi, darasa lake linajaa, anasubiri kupewa ajira ya kudumu, na anayetakiwa kumwandikia tathmini ya ajira hiyo ni mzee ambaye darasa lake liko tupu. Hapo wamegonga ndipo. Ajira ya kudumu ndo roho ya chuo Marekani, miaka ya kujipima kila siku, makala ngapi, zimepitishwa na wanataaluma wenzako au bado, nani amekaa kwenye kamati na ulimwudhi lini. Mtu wa nje akiniuliza kwa nini maprofesa wana visasi vidogo vidogo namwambia aangalie hiyo. Kosa lake ni moja, wanafunzi wamechorwa kama kundi moja lenye hasira, na episodi 6 hazikutosha kuwapa sura zao.

Na kwa mawakili, bila kupepesa, Better Call Saul. 2015 mpaka 2022, sizoni 6, episodi 63. Suits siiwekei muda, episodi 134 za mtu asiye na digrii ya sheria anayekumbuka kila ukurasa aliowahi kuusoma, suti nzuri, majibu ya haraka, nilicheka na nikaburudika, ila ile kumbukumbu ya ajabu ndo njia ya mkato ya kutoonyesha mtu akisoma. Better Call Saul wao wanaonyesha. Jimmy, wakili ambaye hadithi ni yake, anapewa hundi ya dola 700 kwa kutetea vijana watatu na anabishana kwamba alitakiwa alipwe kwa kila kichwa. Anakosa stika za maegesho, anazozana na mzee Mike, anayelinda geti la maegesho, kila siku. Anaingia ndani ya pipa la taka kutafuta karatasi zilizokatwa na mashine za nyumba ya wazee inayowaibia, alafu anakaa usiku anaunganisha vipande vile vyembamba kimoja kimoja. Hiyo ni kazi ya wakili kwenye televisheni, kwa macho yangu nimeona, na inasisimua kuliko bastola.

Lakini wa kumtazama ni Kim Wexler, wakili wa kampuni kubwa ya sheria kwenye hiyo hiyo Better Call Saul. Sizoni ya 2 bosi wake amemkasirikia kwa kosa ambalo si lake lote, anamshusha chini kwenye chumba cha kupitia nyaraka, masaduku kwa masaduku, usiku na mchana, kazi inayopewa wanaoanza. Wakati wa mapumziko anatoka na rundo la vikaratasi vya rangi vya kubandika, kila kimoja na jina la mtu aliyewahi kukutana naye, anawapigia mmoja mmoja kutafuta mteja, anakataliwa, anabandua kikaratasi, anapiga kingine. Siku nyingi. Mpaka anapata benki, Mesa Verde, mteja mkubwa, anampelekea bosi. Bosi anampokea mteja kwa furaha, na Kim anarudishwa kule kule chini kwenye masaduku. Hapigi kelele. Anakaa, anafungua faili, anaendelea kusoma.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayetaka kuanza: How to Get Away with Murder sizoni ya kwanza yote, usiruke. Sizoni ya 2 iangalie kwa ajili ya Cicely Tyson anaporudi kama mama yake Annalise. Ukihisi imekuchosha sizoni ya 3, maana maiti zinakuwa nyingi mpaka unasahau wa nani ni yupi, ruka nenda ya 4 na ukae vizuri kwa episodi ya 13. Alafu usiku huo huo weka ya Kim na vikaratasi vyake, uangalie mikono yake.